Samaki wachanjwao: Norway ilivyopunguza viuavijasumu

WAKATI dunia ikihangaika na bakteria sugu wasiosikia dawa, ufugaji wa samaki nchini Norway unaonyesha jinsi kinga inavyoweza kuchukua nafasi ya tiba.

Mwaka 1987 nchi hiyo ilivuna takriban tani 50,000 za samaki wa kufugwa, wengi wao salmoni, na kutumia karibu tani 48 za viuavijasumu. Hivi sasa mavuno yanazidi tani milioni moja kwa mwaka, ilhali viuavijasumu vinavyotumika havifiki tani moja.

Samaki wa vizimbani huishi kwa maelfu katika maji yale yale, hivyo mmoja akiugua huambukiza wengi. Enzi hizo dawa ilichanganywa na chakula. Hata hivyo, samaki mgonjwa hupoteza hamu ya kula, na hivyo anayehitaji dawa zaidi ndiye anayeikosa. Chakula kinachobaki huzama na dawa yake, na bakteria wanaostahimili dawa hiyo huendelea kuzaliana. Baadhi ya dawa hizo, mathalani oksitetrasaiklini, hutibu pia binadamu.

Chanjo za awali zilitolewa kwa kuwachovya vifaranga katika maji yenye chanjo. Njia hiyo ilisaidia dhidi ya ugonjwa wa vibriosi, lakini haikufua dafu mbele ya furunkulosi, ugonjwa wa majipu ulioingia katika mashamba ya baharini mwaka 1985 pamoja na vifaranga kutoka Scotland.

Ufumbuzi ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale bakteria waliouawa walipochanganywa na mafuta. Mafuta huiachia chanjo polepole, na kinga hudumu muda mrefu zaidi. Kifaranga hupewa nusu kaputi angali katika maji yasiyo na chumvi, kisha huchomwa sindano tumboni, kwa mkono au kwa mashine. Husubiri wiki kadhaa kabla ya kupelekwa baharini, kwani katika maji ya baridi kinga hujengeka taratibu.

Chanjo haikufanya kazi peke yake. Wafugaji pia walitenganisha samaki wa rika tofauti na kupumzisha maeneo baada ya mavuno. Aidha, chanjo ina mipaka yake: mafuta yanaweza kusababisha viungo vya tumboni kugandamana, na chawa wa baharini bado wanawasumbua wafugaji.

Suala hili linaigusa pia Afrika Mashariki, ambako ufugaji wa sato kwa vizimba umeenea katika Ziwa Victoria. Sato naye hushambuliwa na bakteria, wakiwamo streptokoka, na chanjo dhidi yao zipo katika baadhi ya nchi. Kikwazo ni gharama: bei ya sato ni ndogo kuliko ya salmoni, na kumchoma sindano kila kifaranga kunahitaji mikono mingi.

Hata hivyo, Norway ilibadili mwelekeo baada ya kuzoea dawa kwa miaka mingi. Mfugaji anayeanza leo ana nafasi ya kutanguliza kinga kabla mazoea hayo hayajaota mizizi.