Furaha Iliyomo Katika Kazi

Somo letu la leo lahusu furaha. Watu wengi hudhani kwamba furaha huja wakati wa kupumzika tu. Je, ni kweli? Natutazame kazi ya kusuka mkeka.

Msukaji huanza na ukindu, yaani majani machanga ya mkindu. Huyaanika juani, huyachana, na mengine huyachemsha katika rangi. Kisha husuka ukili, ambao ni kama utepe mrefu. Ukili ukitosha, huushona ukingo kwa ukingo mpaka uwe mkeka. Kazi hii ni ya siku nyingi. Lakini mtazameni msukaji hodari akiwa kazini. Vidole vyaenda vyenyewe. Hakumbuki njaa, wala haoni jua likishuka. Ukimwita, huenda asiitike mpaka mara ya pili.

Kwa nini? Sababu ni tatu. Kwanza, anajua anachokitaka: ukili ulionyoka na nakshi iliyokaa sawa. Pili, kazi yenyewe humwonyesha kosa upesi. Jani moja likirukwa, nakshi huharibika papo hapo. Tatu, ugumu wa kazi unalingana na ustadi wake.

Sababu hii ya tatu ndiyo kubwa. Kazi rahisi mno huchosha moyo. Kazi ngumu mno hutia hofu. Furaha imo katikati.

Mtaalamu mmoja, Mihaly Csikszentmihalyi, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, aliichunguza hali hii. Alizungumza na wacheza sataranji, wapanda majabali, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji. Mwaka 1975 alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Kazi zao zilikuwa mbalimbali, lakini maelezo yao yalifanana. Wengine walisema ni kama kuchukuliwa na maji. Kwa hiyo akaiita hali hiyo mtiririko.

Sasa tazama kitabu kilicho mbele yako. Wako watu wazima wanaoacha darasa wakisema, "Kichwa changu kizito." Mara nyingi kichwa hakina kosa, hatua ndiyo ndefu mno. Hakuna msukaji aanzaye kwa mkeka wa nakshi. Huanza kwa ukili usio na rangi, nao hufumuliwa mara nyingi. Nawe, ukurasa ukikushinda, rudi kwenye sentensi moja. Isome mpaka iwe nyepesi, kisha ongeza ya pili. Na ukurasa ukiwa mwepesi mno, usikae hapo, funua unaofuata. Siku moja mwalimu atasema saa imekwisha, nawe utashangaa.

Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali
1. Taja sababu tatu zinazomfanya msukaji asahau saa.
2. Ni kazi gani inayokufurahisha wewe? Andika sentensi mbili juu yake.