Pweza wa Panza na kumbukumbu za wazee

Wavuvi wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wameshirikiana na asasi ya Mwambao katika jambo ambalo babu zao hawakulihitaji: kufunga mwamba. Sehemu ya bahari huachwa bila kuguswa kwa miezi kadhaa, pweza wakakua, na siku ya kufungua, maji yakitoka, watu hushuka kuvua walichokisubiri. Sehemu ya pweza hao huishia kwa wachuuzi. Wengine hubaki kisiwani, wakapikwa kwa nazi.

Nyama ya pweza ina vitamini B12 kwa wingi, na kipande kidogo tu hukidhi mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Chaza wanayo, dagaa wanayo, na samaki karibu wote wanayo. Mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, na ikipungua mishipa ya fahamu huharibika: miguu inakufa ganzi, mwendo unayumba, na mzee huanza kusahau kiasi kwamba jamaa zake hudhani ni dimenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili. Hali hiyo hugunduliwa kwa kupima damu na hutibiwa kwa sindano au vidonge, na ikiwahiwa, kumbukumbu inaweza kurudi. Kati ya yote yanayosemwa kuhusu vitamini na ubongo, hili ndilo lenye ushahidi ulio imara kuliko mengine.

Nani basi anapungukiwa B12 katika kisiwa kilichozungukwa na samaki? Kwanza ni mzee ambaye tumbo lake halitoi tena asidi ya kutosha kuichambua vitamini hiyo kutoka kwenye chakula. Pili ni mgonjwa wa kisukari anayetumia metformini kwa miaka mingi, kwa kuwa dawa hiyo nzuri hupunguza ufyonzwaji wa B12. Na yupo bibi asiye na meno. Pweza hawezi kumtafuna, samaki mzuri kauzwa, na chakula chake cha jioni ni chai ya sukari na boflo. Familia inayompenda bibi huyo imsagie dagaa au imchambulie samaki laini kabla ya kumnunulia chupa ya vidonge kwa fedha yake ya Pensheni Jamii, ile ya wazee wa Zanzibar.

Chupa hizo zinauzwa kwa ahadi kubwa kuliko ushahidi wake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza hatari ya dimenshia, likasema wazi kwamba vitamini B na E, vidonge vya mafuta ya samaki na mchanganyiko wa virutubisho visipendekezwe kwa lengo hilo. Huko Amerika Kaskazini, wanaume zaidi ya 7,500 walifuatiliwa katika jaribio la vitamini E na madini ya seleniamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliomeza vidonge hivyo na waliomeza vidonge vitupu walipata dimenshia kwa viwango vilivyokaribiana. Mafanikio machache yapo. Watafiti wa Oxford waliripoti mwaka 2010 kwamba vitamini B zilipunguza kasi ya kusinyaa kwa ubongo kwa wazee walioanza kusahau, hasa wale ambao vipimo vya damu vilionyesha kuwa miili yao haipati au haizitumii vitamini hizo ipasavyo.

Kwamba kirutubisho humfaa anayekikosa na huweza kumdhuru asiyekihitaji, Pemba ilishaifundisha dunia. Mapema miaka ya 2000, watoto wadogo wa kisiwa hiki waliingizwa katika jaribio kubwa la kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Wazo lilikuwa jema. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya jaribio ilisitishwa, na ripoti iliyotoka mwaka 2006 katika jarida la Lancet, yenye takwimu za watoto zaidi ya 24,000, ilionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa maradhi makali. Malaria ilikuwa nyingi wakati huo. Hata hivyo, waliokuwa na upungufu wa chuma na wakapimwa na kutibiwa kwa karibu walifaidika. Matokeo hayo yalibadili ushauri wa kimataifa kuhusu kuwapa watoto chuma katika nchi zenye malaria.

Wala kitu kuwa cha asili si dhamana. Kisiwa Panza kinalijua hilo kwa uchungu: Machi 2024 watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Anayempelekea mzee unga wa mizizi usiojulikana ulikotoka, eti unarudisha akili, anacheza na hatari.

Chakula chenyewe, tofauti na kidonge, kina hoja yenye nguvu zaidi, ingawa nayo haijakamilika. Huko Ibadan, Nigeria, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba wazee wa Kiyoruba walipata dimenshia kwa kasi isiyofika nusu ya ile ya Wamarekani weusi wa Indianapolis. Chakula ni mojawapo tu ya tofauti za maisha kati ya miji hiyo miwili. Karibu zaidi na nyumbani, watafiti waliofanya kazi Kilimanjaro walichapisha mwaka 2025 jaribio la wanaume 77 wenye afya. Waliozoea mlo wa kijijini wa mboga, kunde, ndizi na nafaka nzima walipolishwa vyakula vya kisasa vya viwandani kwa wiki mbili tu, damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka. Waliobadilishiwa kinyume chake walipata nafuu, na sehemu ya nafuu hiyo ilionekana hata wiki nne baadaye. Jaribio hilo halikupima kumbukumbu. Lakini uvimbe wa aina hiyo huchangia maradhi ya moyo na mishipa ya damu, na mishipa hiyohiyo ndiyo inayoulisha ubongo.

Kwa hiyo sufuria ya Pemba yenye samaki, kunde na matembele haina haja ya kuiga mapishi ya Ulaya. Shaka iko kwenye chumvi. Ng'onda na papa mkavu ni vitamu, na vinapandisha shinikizo la damu. Wilayani Hai, hukohuko Kilimanjaro, ambako utafiti wa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi ulikuta takriban asilimia 6.4 wana dimenshia, watafiti walikuta pia kwamba karibu 7 kati ya kila wazee 10 walikuwa na shinikizo la juu, na wengi hawakujua. Jopo la wataalamu la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayochangia karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Presha, kisukari, mafuta mabaya kwenye damu, uziwi na uoni hafifu yamo, upungufu wa vitamini haumo.

Anayemvusha mzee kutoka Kisiwa Panza hadi Chokocho, ng'ambo ya maji, na kumfikisha hospitali ya Abdalla Mzee kwa sababu anasahau, aombe apimwe presha na sukari, ataje kila dawa anayokunywa mzee huyo, hasa metformini, aulize kama inafaa kupima B12, na aombe masikio na macho yake yaangaliwe.