Mwanafunzi wa Afya na Siri Yako

Mara nyingine ukifika kliniki utamkuta mwanafunzi wa afya ya jamii aliye katika mafunzo kwa vitendo. Wapo wanaopangiwa kusaidia huduma za wapenzi wa jinsia moja. Mkimbizi aliyetoka Bulumbi, Busia au Tororo na kuvuka mpaka kwa sababu hiyo anaweza kujiuliza: je, huyu atanitaja?

Kwa nini huduma hii?
Virusi vya UKIMWI huambukiza kwa urahisi zaidi katika ngono ya njia ya haja kubwa, kwa mwanamume na mwanamke pia. Anayeogopa kuchekwa au kukamatwa haji kupimwa, na maambukizi huendelea bila kujulikana.

Mwanafunzi anafanya nini?
Chini ya msimamizi wake, hutoa elimu, hugawa kondomu na vilainishi vya maji, na hujaza daftari. Hueleza kwamba mafuta ya kujipaka hudhoofisha kondomu ikapasuka. Aliyebakwa au aliyepasukiwa kondomu humpeleka haraka kwa mhudumu, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28.

Hapaswi kupiga picha, kuandika jina lako katika ripoti ya chuo, wala kwenda na daftari nyumbani. Una haki ya kusema, "Naomba mwanafunzi atoke," na bado utatibiwa.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 ilimtaka kila mtu kutoa taarifa polisi. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu hicho, ingawa sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Kenya pia inaadhibu vitendo hivyo, lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri ya mgonjwa.

Ufanye nini?
• Kabla ya kuzungumza, uliza: "Wewe ni mhudumu au mwanafunzi?"
• Ukihama, omba barua ya uhamisho ili usikatize dawa.
• Siri yako ikitolewa, mwone msimamizi wa kliniki au afisa wa ulinzi wa wakimbizi.

Nawe uliyemwona jirani kwenye foleni, usiulize amefuata nini. Kesho utakuwa wewe.