Kifungo Kisicho na Harufu



Mlevi wa chang'aa tunamjua kwa pumzi yake. Lakini yuko mfungwa mwingine ambaye huketi nasi kanisani na hatumtambui. Kilichomfunga kimo katika bahasha ndogo ya dawa.

Tuseme ni mama wa hapa Birongo, mchuma chai. Mumewe alipofariki alikosa usingizi, daktari akampa diazepamu ya siku chache. Dawa hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, ina faida ikitumiwa kwa muda mfupi. Ilipokwisha, usingizi ukamkimbia tena. Akanunua nyingine dukani bila cheti cha daktari. Siku zikawa miezi, na kidonge kimoja kikawa viwili. Mama huyu hakutafuta anasa, alitafuta usingizi. Dawa za maumivu kama tramadoli na kodeini nazo hufunga watu hivyo hivyo: mwili huzizoea, kisha hudai zaidi.

Tutamtambuaje? Anamaliza dawa kabla ya siku zake. Anazunguka maduka mbalimbali, au waganga wawili bila kuwaambia. Anazificha, na akiulizwa hukasirika. Mchana anasinzia, anasahau, anajikwaa. Akizikosa, anatetemeka na kutoka jasho.

Sasa sikilizeni sana, maana neno hili laweza kuokoa maisha. Msimwambie azitupe chooni leo hii. Aliyezoea diazepamu kwa muda mrefu akiiacha ghafula aweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Na aliyeacha dawa kali za maumivu kwa muda, akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi yaweza kukatika. Hatari huzidi akichanganya dawa hizi pamoja, au na pombe.

Basi afanyeje? Aende hospitali na dawa zake zote, aseme kweli yote. Daktari atampunguzia kipimo kidogo kidogo, kwa majuma, pengine kwa miezi. Atatibu pia kile kilichoanza: huzuni, wasiwasi au maumivu ya mgongo. Mjini Kisii iko hospitali ya rufaa. Pia NACADA hupokea simu bila malipo kwa nambari 1192.

Wengine watauliza, "Je, kupunguza pole pole si upungufu wa imani?" La, ndugu zangu. Mkumbukeni Lazaro. Bwana Yesu alimwita, naye akatoka kaburini akiwa hai, lakini mikono na miguu yake ilikuwa bado imefungwa sanda. Bwana hakuzikata kwa neno moja. Aliwaagiza watu waliosimama pale wamfungue.

Kazi hiyo ni yetu. Wazee wa kanisa, msimtaje mtu huyu mimbarani. Akina mama, mmoja wenu akalale kwake usiku ule mgumu. Mwingine amtunzie vidonge, ampe vya siku moja tu kama daktari alivyoagiza. Mwingine amsindikize siku ya kliniki. Akianguka, msimcheke, mrudisheni kwa daktari.

Na wewe unayesikiliza huku mkono wako ukigusa bahasha ile mfukoni, usiogope. Mwambie mtu mmoja leo, kabla jua halijatua.