Bima, barabara na hofu vyawazuia wanawake wa Kilatino kupata huduma za uzazi

SARATANI ya shingo ya kizazi ni miongoni mwa saratani chache zinazoweza kuzuiwa kabla hazijaanza. Virusi vinavyoisababisha huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, kuleta ugonjwa wenyewe, na kipimo cha dakika chache hubaini mabadiliko ya awali.

Hata hivyo, nchini Marekani wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wajulikanao kama Walatino, huugua saratani hiyo kwa kiwango cha juu kuliko wanawake weupe. Dawa na wataalamu wapo. Kinachokosekana ni njia ya kuwafikia.

Kikwazo cha kwanza ni bima. Walatino ni miongoni mwa makundi yenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima ya afya nchini humo. Sheria ya mwaka 1996 huwataka wengi wa wahamiaji wenye ukaazi halali wasubiri miaka mitano kabla ya kujiunga na Medicaid, mpango wa serikali wa bima kwa watu wa kipato cha chini. Wasio na hati hawaruhusiwi kujiunga nao, wala kununua bima katika soko lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2010.

Matokeo yake ni kwamba mwanamke maskini asiye na hati anaposhikwa na uchungu, Medicaid hugharimia kujifungua kwake kama dharura. Kipimo cha saratani, ambacho ni cha bei ndogo zaidi, hakimo katika dharura hiyo.

Pengo hilo kwa miaka mingi lilizibwa na kliniki za uzazi wa mpango, ambazo nyingi hazikuuliza hati za mtu. Lakini mwaka 2011 Bunge la Texas lilipunguza bajeti ya uzazi wa mpango kwa takriban theluthi mbili, na makumi ya kliniki yakafungwa au kusitisha huduma hizo. Bonde la Rio Grande, kusini mwa jimbo hilo, ambako wakazi walio wengi ni Walatino, lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika.

Katika bonde hilo, barabara nayo ni kikwazo. Kutoka mji wa McAllen hadi San Antonio ni takriban kilomita 380, na karibu na Falfurrias, zaidi ya kilomita 100 kutoka mpakani, askari wa doria ya mpakani husimamisha magari na kuhoji uraia wa abiria. Asiye na hati hathubutu kupita, hata akiwa na barua ya daktari bingwa mkononi.

Uzito wa kizuizi hicho uliongezeka mwaka 2022, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kufuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba na Texas kupiga marufuku karibu kila utoaji mimba. Mwenye uwezo na hati huweza kusafiri hadi jimbo jingine. Asiye navyo hubaki bondeni.

Aidha, ipo hofu yenye historia. Mwaka 1975 wanawake 10 wenye asili ya Mexico waliishitaki hospitali ya Kaunti ya Los Angeles wakidai kufungwa kizazi bila ridhaa ya kweli. Baadhi walipewa fomu za Kiingereza wakiwa katika uchungu. Walishindwa kesi mwaka 1978, ingawa madai yao yalichangia kuwekwa kwa masharti ya fomu zenye lugha inayoeleweka na muda wa kutafakari kabla ya upasuaji.

Hivyo, kliniki inapofunguliwa karibu, yenye muuguzi anayezungumza Kihispania na asiyeuliza hati, vikwazo kadhaa huondoka kwa pamoja. Isipokuwepo, mgonjwa husubiri hadi atokwe na damu, na wakati huo saratani mara nyingi huwa imekwisha kuenea.