Uandishi wa Chakula: Utangulizi kwa Anayeanzia Mara

Anayeingia katika kazi ya kuandika kuhusu chakula hukuta milango miwili. Mmoja ni wa mwandishi wa habari, anayefuatilia bei ya dagaa, magonjwa ya mihogo, ukame na mlo wa wanafunzi. Wa pili ni wa mtunzi wa kitabu cha mapishi, anayepima unga, anayetazama saa na kuonja mchuzi. Mazoea yamewatenga watu hawa wawili hadi wakadhani hawana la kuambiana. Msimamo utakaoukuta katika kurasa zinazofuata ni kwamba kazi yao ni moja, na mkoa wa Mara unanipa ushahidi wa kutosha.

Ushahidi mzito kuliko wote ni huu. Mwaka 1985, ukame ulipobana, walianza kuonekana wilayani Tarime watu ambao miguu yao ilikakamaa ghafla wasiweze tena kutembea kama zamani. Wengi walikuwa watoto na wanawake. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na ulemavu wake ni wa kudumu. William Howlett, Glen Brubaker, Nicholas Mlingi na Hans Rosling waliuchunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 1990 katika jarida la Brain. Walikuta chanzo chake ni chakula. Mihogo michungu hutoa sumu ya sianidi, na watu wa Kanda ya Ziwa wanajua tangu zamani jinsi ya kuiondoa: mihogo humenywa, huvundikwa kwa siku kadhaa mpaka ilainike na kuota ukungu, hukwanguliwa, hupondwa, huanikwa juani ikauke kabisa, ndipo husagwa ukapatikana unga wa udaga. Njaa ilipozidi, hatua hizo zilifupishwa, maana hakuna mama awezaye kumwambia mtoto mwenye njaa asubiri ukungu uote. Wakati huohuo kitoweo kilikuwa kimeadimika. Mwili huivunja nguvu sumu hiyo kwa salfa inayotokana na protini za samaki, nyama, maziwa na maharage, na wanaokula ugali mtupu siku baada ya siku huikosa.

Sasa kitazame kitabu cha mapishi kinachoanza kwa kusema "chukua vikombe viwili vya unga wa muhogo". Kimeruka kazi yote iliyomlinda mlaji. Mtunzi makini ataanzia kwenye muhogo wenyewe: mchungu au mtamu, umevundikwa siku ngapi, umekauka kiasi gani, na ugali huo unaliwa kwa kitoweo gani. Vilevile mwandishi wa habari anayekwenda Bunda wakati wa ukame, akawauliza wanawake mwaka huu wanavundika kwa siku ngapi, anaweza kutoa onyo mapema kuliko hospitali. Swali ni lilelile; mmoja analiandika katika kitabu, mwenzake katika gazeti.

Taaluma hii ina historia yake Afrika Mashariki, japo sehemu yake haipendezi. Mwaka 1928 umoja wa wanawake wa kanisa la St. Andrew's, Nairobi, ulitoa kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya, na ndani yake mlikuwa na sentensi za Kiswahili za kumwagiza mpishi. Mpishi Mwafrika alikuwemo kitabuni kama mtu wa kupokea amri; alichokula kwake hakikuulizwa. Baadaye Pwani na Visiwani walijiandikia wenyewe: Zarina Jafferji aliandika mapishi ya Zanzibar, na mwaka 2020 Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu, akishirikiana na Julia Turshen, alitoa In Bibi's Kitchen, kitabu kilichokusanya mapishi ya mabibi wa nchi nane za Afrika zinazopakana na Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo. Ninakiheshimu sana kitabu hicho kwa kuwa mabibi wanazungumza wenyewe. Lakini bahari ndiyo iliyochora mipaka yake. Ziwa Victoria bado linasubiri.

Nikiulizwa uandishi wa chakula wa Kiswahili ulifika wapi mbali zaidi, sitataja kitabu. Nitataja redio. Mwaka 1975, chini ya Rais Nyerere, mzaliwa wa Butiama, Tanzania iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka mibaya ya ukame na upungufu wa nafaka. Watu vijijini walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma vijitabu, wakajadili namna ya kulima na kula vizuri zaidi. Miaka miwili kabla, mwaka 1973, serikali ilikuwa imeunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mlingi wa utafiti wa Tarime alikuwa mtafiti wake, na jina lake limo pia miongoni mwa waandaaji wa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008. Yatafute majedwali hayo kabla hujanunua kitabu chochote cha mapishi cha kigeni.

Tuje mwaloni. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Mbalamwezi ikiwaka hutawanyika, na boti nyingi hupumzika. Basi bei ya dagaa sokoni Musoma inafuata mwezi wa angani, na mwandishi asiyejua hilo ataandika kila mwezi kwamba bei "imepanda ghafla". Asubuhi kazi huwa ya wanawake zaidi: kuanika. Wa mchangani hubeba mchanga, wa kwenye chanja huwa safi na huuzwa ghali. Tofauti hiyo inaingia moja kwa moja katika mapishi. Dagaa wa mchangani anahitaji kuchambuliwa na kuoshwa mara kadhaa kwa maji ya uvuguvugu, na maelekezo yasiyosema hivyo yatamkwaza mpishi aliyeko Dodoma au Muscat.

Samaki wana kumbukumbu ndefu kuliko vitabu vyetu. Sangara si mwenyeji. Aliingizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala, furu wa aina nyingi sana wakapungua na wengine kutoweka. Mzee wa Mugango au Kisorya akikueleza walivyopika ningu, ngege na furu, anakupa upishi na historia ya ziwa kwa pamoja. Andika mwaka anaousema. Andika pia kilichochukua nafasi ya samaki yule katika sufuria.

Kuna vyakula vitakavyoupima uungwana wako. Kichuri, kinachopendwa na Wakurya, hutengenezwa kwa majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi au ng'ombe, yakachujwa na kuchemshwa, kikaliwa na nyama. Waandishi wa nje hukigeuza kioja. Wewe eleza: kinatoka sehemu gani ya tumbo, kinachujwaje, kinachemka kwa muda gani, uchungu wake unakolezwa na nini, nani hukigawa. Usafi nao uuandike waziwazi, kama ambavyo ungeandika kuhusu maziwa au mayai.

Vifaa vya kazi ni vichache: daftari, saa, mizani ndogo ya jikoni. Jiko la Mara hupima kwa fungu, kisado, debe na kiganja, na vipimo hivyo vina akili yake. Usivifute. Acha bibi apime kiganja chake, kisha mwombe amimine juu ya mizani, uandike vyote viwili. Shikamoo itangulie daftari, na msaidie kuchambua dagaa kabla hujamuuliza lolote. Majibu ya mtu ambaye mikono yake inafanya kazi huwa sahihi zaidi.

Kuhusu kipato, nitasema kwa kifupi: wengi huishi kwa kuchanganya magazeti, redio, mafunzo na vitabu. Kuhusu haki, nitasema zaidi. Hakimiliki hulinda maneno ya mwandishi. Namna ya kupika haina ulinzi huo. Bibi aliyekufundisha kuvundika mihogo hana sheria ya kumtetea dhidi yako. Mwombe ruhusa, mtaje akikubali, mpelekee nakala, na ukilipwa mkumbuke.

Bunda ina redio ya jamii, Mazingira FM. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere na chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake. Musoma ina soko, ina ziwa, ina wanawake wanaojua kazi nzima ya udaga kwa moyo. Anza na nyumba moja. Uliza mihogo hii imevundikwa siku ngapi, andika jibu na tarehe, kisha rudi ukaulize tena mwaka wa ukame.