Vita Kuu Kwenye Maziwa Yetu (Sehemu ya Tatu): Rubani Aliyeruka Juu ya Tanganyika

Wiki iliyopita tuliishia Bukoba, Juni 1915. Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka pwani kaskazini mwa mji alfajiri ya tarehe 22, wakapigana siku mbili na Wajerumani na askari wao Waafrika. Wakauangusha mlingoti wa simu ya upepo, ambao ndio waliokuwa wameufuata. Mji ukaporwa, kisha wavamizi wakapanda meli zao na kurudi walikotoka. Katika masimulizi yote ya siku zile mbili mna meli, mizinga, bunduki za rasharasha na milima yenye mawe. Ndege haitajwi hata moja. Nataka leo nieleze kwa nini, kwa sababu jibu lake linatupeleka Ufaransa, Rufiji na Kigoma, na kwa rubani mmoja ambaye kwetu jina lake halijulikani kabisa.

Tuanze na yule ambaye dunia inamjua. Roland Garros alizaliwa mwaka 1888 huko Saint-Denis, katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, kwa hiyo alikuwa mtoto wa Bahari yetu ya Hindi. Septemba 1913 alivuka bahari ya Mediterania kutoka Fréjus hadi Bizerte, Tunisia, bila kutua njiani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Vita ilipozuka akawa rubani wa jeshi la Ufaransa. Wakati huo ndege zilitumwa hasa kuchungulia: rubani aliruka, mwenzake akatazama majeshi ya adui na kuandika. Walipokutana na ndege ya adui walirushiana risasi za bastola na bunduki za mkono, na mara nyingi hakuna aliyempata mwenzake.

Tatizo lilikuwa rafadha. Rubani anayetaka kulenga vizuri anahitaji bunduki iliyoelekea mbele, sambamba na ndege yenyewe, lakini mbele ndipo mapanga ya rafadha yanapozunguka. Risasi zake mwenyewe zingeyakata. Dawa ya Garros ilikuwa vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye mapanga hayo, ili risasi chache zitakazogonga ziteleze pembeni na nyingine zipite. Tarehe 1 Aprili 1915 aliangusha ndege ya Kijerumani kwa njia hiyo, na katika majuma yaliyofuata akaziangusha nyingine mbili. Tarehe 18 Aprili yeye mwenyewe alilazimika kutua nyuma ya mistari ya adui akatekwa. Wajerumani waliichunguza ndege yake, na haukupita muda mrefu kiwanda cha Fokker kikatoa chombo kilichoizuia bunduki kufyatua kila panga linapopita mbele ya mtutu. Hapo ndipo ndege ya kivita kama tunavyoielewa leo ilipozaliwa. Garros alitoroka kifungoni Februari 1918, akarudi angani, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo akauawa vitani. Kesho yake angetimiza miaka 30.

Kwa hiyo Bukoba iliposhambuliwa, huko Ulaya tayari marubani walikuwa wameanza kuuana angani. Waingereza wa Afrika Mashariki nao walikuwa na ndege, tena baadhi yake za muundo wa Kifaransa, aina ya Caudron na Henri Farman. Lakini Juni ile zilikuwa kisiwani Mafia, na kazi yao ilikuwa moja: manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji.

Kwangu mimi kisa cha Königsberg ndicho kinachofundisha zaidi juu ya ndege katika vita ile, kuliko vituko vyote vya Ulaya. Novemba 1914 rubani wa kiraia aitwaye Dennis Cutler, aliyekodiwa kutoka Afrika Kusini pamoja na ndege yake ya majini, ndiye aliyeiona meli hiyo kwanza kutoka angani, mahali ambapo mikoko ilikuwa imeificha isionekane kutoka baharini. Yeye mwenyewe alikamatwa mwezi uliofuata. Kisha, tarehe 11 Julai 1915, manowari mbili za Waingereza zenye kina kifupi ziliingia mtoni na kufyatua makombora kwa shabaha ambayo wapiga mizinga wake hawakuweza kuiona. Macho yao yalikuwa juu. Rubani John Cull na mwangalizi wake Arnold walizunguka angani na kuwatumia kwa simu ya upepo maelekezo ya kila kombora: limepita, limepungua, sogeza kushoto. Ndege yao ilipigwa injini ikafa. Ilipokuwa ikiteremka, Arnold aliendelea kutuma maelekezo mpaka walipoangukia mtoni, nao wakaokolewa. Königsberg iliangamia siku hiyo. Ndege haikurusha hata bomu moja la maana. Ilichofanya ni kuona.

Wajerumani hawakuiacha mizinga ya meli hiyo chini ya maji. Waliitoa, wakaiburuta nchi kavu, na mmoja wake ukafika Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwenye meli hiyo ndiye aliyekuwa bwana wa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji wa Kongo, waliotaka kuvuka, walihitaji kwanza kuiondoa, na waliomba ndege.

Aimé Behaeghe alizaliwa mwaka 1890 Kachtem, Flanders ya Magharibi, Ubelgiji. Alikuwa rubani kabla ya vita, wakati ambapo kuruka bado kulikuwa jambo la wachache waliokubali kuvunjika mifupa. Alipochaguliwa kwenda Kongo alipewa wenzake wachache, marubani Orta na Castiau na waangalizi Collignon na Russchaert, chini ya kamanda de Bueger, pamoja na ndege nne za majini aina ya Short zilizotolewa na Waingereza. Ndege hizo zilikuwa za fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa, na chini badala ya magurudumu zilikuwa na maboya ya kuelea.

Fikiria safari ya vitu hivyo. Kwa meli mpaka Matadi, kwa reli mpaka Léopoldville, kwa boti za mto Kongo majuma kadhaa, tena reli pale maporomoko yanapouziba mto, tena boti, tena reli, hadi ukingo wa Tanganyika. Kila palipokatika reli au mto palihitaji mabega ya watu. Vitabu vya Ulaya vimehifadhi majina ya marubani hao wote. Ya watu waliopakia na kupakua makasha ya injini na mapipa ya petroli hayamo. Katika vita ile wapagazi waliokufa Afrika Mashariki na Kongo ni makumi ya maelfu, na sioni namna ya haki ya kusimulia maisha ya rubani huyu bila kusema hivyo.

Ziwa lenyewe lilikuwa adui. Tanganyika iko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na joto likipanda hewa hupungua uzito: injini hudhoofika, mabawa hayapati nguvu ya kuinua. Mawimbi ya wazi yalipiga maboya ya mbao, na jua likalegeza gundi na viungo. Ikabidi kituo kihamishiwe kwenye kiziwa kidogo chenye maji matulivu, kusini mwa mto Lukuga. Mei 1916 Behaeghe alipaa kutoka ukingo wa Kongo, na ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kurusha ndege Afrika ya Kati.

Juni yeye na Collignon walivuka ziwa na kuishambulia Kigoma kwa mabomu. Götzen haikuzama. Tena mzinga wake mkubwa ulikuwa unahitajika nchi kavu, na Wajerumani waliweka wa mbao mahali pake ili adui aendelee kuogopa. Mwishowe, tarehe 26 Julai 1916, waliizamisha meli wenyewe, kwa uangalifu, mafundi wakiwa wameipaka injini mafuta mazito ya kuikinga, kwa sababu majeshi ya Wabelgiji yalikuwa karibu kuufikia mji. Siku mbili baadaye Kigoma ilikuwa mikononi mwao. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba.

Hapa nasema ninavyoamini: mabomu ya Behaeghe hayakuitwaa Kigoma. Kilichoitwaa ni miguu ya askari na wapagazi. Ila ndege zilimwonyesha Mbelgiji bandari, reli na meli ya adui, na zilimnyima Mjerumani usingizi. Sisi wa Kagera tuna ushahidi wetu wa jambo hili. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilipiga Bukoba, watu wakatimua mbio, vioo vikavunjika, lakini mji ulibaki. Mwezi uliofuata zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka kutoka angani zikashindwa. Lilivunjwa na baruti iliyotegwa kwa mkono, chini ya uongozi wa mtaalamu aliyeletwa kutoka migodi ya Kilembe.

Behaeghe hakuona mwisho wa kazi yake. Aliuawa na maradhi, huko Niemba nchini Kongo, tarehe 3 Desemba 1916. Alikuwa na miaka 26.

Wakati marubani hao wakiruka upande ule, kikosi kingine cha Wabelgiji, chini ya kanali Molitor, kilikuwa kikishuka kutoka Rwanda kuelekea Biharamulo, na Wajerumani wa Bukoba wakaona njia yao ya nyuma inafungwa. Mwishoni mwa Juni 1916 walikuwa wameuacha mji na kukimbilia kusini, upande wa Ihangiro, yaani Muleba ya leo, wakiwa na wapagazi, ng'ombe na mizigo. Sehemu ya nne itawafuata njiani.